Vitabu vyepesi kwanza, insha baadaye

Mwaka huu nimepangiwa tena Kidato cha Kwanza, na mwalimu wa taaluma ameniuliza swali lake la kila Januari: insha wataanza lini? Nikamjibu kwamba wataanza wakishasoma. Hakulipenda jibu, na kikao hakikuwa na nafasi ya kubishana kwa sababu ajenda ya madawati ilikuwa inasubiri. Basi naliandika hapa kwa urefu. Ni jambo nililolisomea na kulijaribu, na nina hakika nalo kuliko mambo mengi ya kazi hii.

Nafundisha Kiingereza shule ya kata, Tanga mjini. Wanafunzi wangu wanatoka Makorora, Mikanjuni, Ngamiani, na wengine wanagombea daladala alfajiri kutoka Pongwe. Shule ya msingi nzima wamefundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kwenye ratiba. Halafu Januari inafika, wanavaa sare mpya, wanapitishwa kwenye kozi ya wiki chache ya kuwazoesha, na baada ya hapo Jiografia, Bayolojia, Fizikia na Historia, vyote kwa Kiingereza. Mliosoma shule za serikali sina haja ya kuwasimulia.

Kuna kitu kinachomdanganya mwalimu mgeni akifika Tanga. Anamsimamisha mtoto, anampa aya ya Kiingereza, na mtoto anaisoma. Sauti imenyooka, hasitisiti, kwenye nukta anapumzika. Mwalimu anajisemea alhamdulillahi, huyu yuko vizuri. Kisha anamuuliza aya inahusu nini, na mtoto anamtazama tu.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, nimekaa chuoni, chuo cha Kurani, utoto wangu wote, kwa hiyo halikunishangaza. Wengi wetu tumehitimu juzuu tukiwa wadogo. Tulisoma Kiarabu kwa irabu zake, kwa sauti, tukirekebishwa kila herufi mpaka itoke mahali pake kooni, na maana ilikuja baadaye sana. Kwa wengine haikuja. Silisemi kwa dharau. Kisomo kile kina lengo lake na heshima yake, na watoto waliopita huko wana kumbukumbu na masikio ambayo natamani kila mwanafunzi wa lugha angekuwa nayo. Ila mtoto aliyelelewa akijua kwamba kusoma ni kutamka bila kosa mbele ya mwalimu, anaingia na mazoea hayo kwenye kitabu cha Kiingereza, na sisi tunamthibitishia kwa kumpigia makofi.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza jambo hili kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Walisema kusoma ni zao la vitu viwili: uwezo wa kuyatoa maneno kwenye herufi, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe ukiisikia. Zao, si jumla. Ukiwa na kumi upande mmoja na sifuri upande wa pili, jibu ni sifuri. Niliposoma hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu nilimwona yule mtoto wangu wa sauti iliyonyooka.

Na hata huo upande wa herufi nao una mtego wake. Kiswahili kimetuharibu kwa wema. Herufi zake hazina hila: ukijua irabu tano na silabi zake, unasoma gazeti. Tena si kwamba hakuna kazi. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu makosa ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, wakaonyesha kwamba hata lugha inayoandikwa vile inavyotamkwa haijifunzi yenyewe. Lakini ukilinganisha na Kiingereza, sisi tumepewa barabara ya lami. Mwaka huohuo wa 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa shule. Wafini walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa asilimia 98. Watoto wanaosoma Kiingereza, wenyeji, waliozaliwa nacho, asilimia 34.

Nawaomba muisome tena hiyo namba kabla hamjamwita mtoto wa Makorora mzito. Wenye lugha wenyewe, baada ya mwaka, theluthi moja tu. Wa kwangu anakutana na "name" anasoma na-me, anakutana na "come" anasoma cho-me, anakutana na "knife" anaweka irabu katikati ya k na n kwa sababu lugha yake haijui konsonanti zinazosongamana hivyo. Huyo hajakosa akili. Ametumia kanuni ambayo haijawahi kumwangusha maisha yake yote.

Hapo ndipo mwalimu wa taaluma anapotaka insha.

Nisikimbilie huko bado. Shida kubwa zaidi kuliko herufi ni maneno. Mwenzangu wa Bayolojia alinijia ofisini siku moja amekasirika, na daftari mkononi.

"Madam, hawa watoto wako hawajui Kiingereza."

"Si wangu peke yangu, kaka. Ni wetu."

Nikamwomba kitabu chake. Tukachukua ukurasa mmoja wa sura za mwanzo, nikatoa fotokopi, nikaingia darasani na kuwaambia wapige mstari chini ya kila neno wasilolijua, bila kuogopa, hakuna maksi. Karatasi zilirudi zikiwa na mistari karibu kila sentensi, na kilichomshangaza mwenzangu ni aina ya maneno yaliyopigwa mistari. Yeye alitegemea maneno ya kisayansi. Hayo alikuwa ameyafundisha, ameyaandika ubaoni, wameyakariri. Waliyopigia mistari ni yale ambayo yeye hakuyaona kabisa: "although", "according to", "consists of", "whereas", "such as". Gundi ya sentensi. Mtoto anajua seli, anajua utando, ila hajui sentensi inasema seli ina utando au haina.

Watafiti wamelipima hili. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walichukua hadithi, wakabadilisha baadhi ya maneno yake kwa maneno ya kubuni ili wasomaji wasiweze kuyajua, halafu wakapima uelewa. Msomaji aliyejua maneno asilimia 80 hakuielewa hadithi vya kutosha. Hakuna hata mmoja wa kundi hilo aliyefaulu. Wakahitimisha kwamba ili mtu asome mwenyewe bila kusaidiwa, inabidi ajue kama asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake, maana yake neno moja geni katika kila maneno hamsini. Nation akaendelea, mwaka 2006 akapiga hesabu kwamba kusoma vitabu na magazeti ya kawaida ya Kiingereza bila msaada kunadai familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia, yaani neno na ndugu zake wote waliotokana nalo.

Wengi wetu tulifundishwa chuo cha ualimu kwamba mwanafunzi "akisie maana kutokana na muktadha." Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye muktadha. Neno moja kati ya matano likiwa giza, hakuna kilichobaki cha kukisia nacho.

Kuna wanaosema haya ni mapya, yameletwa na simu na uvivu wa kizazi hiki. Si kweli. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, waliotumwa na Waingereza, walizunguka shule za Tanzania wakiwapa wanafunzi vifungu vyenye nafasi zilizoachwa wajaze. Waliyoyakuta yaliwatisha: hata Kidato cha Nne, ni takriban mmoja kati ya kumi tu aliyekuwa amefikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza yaanze. Yaani wanamaliza kabla hawajafika mstari wa kuanzia. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1982, tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza sekondari ihamie Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Nao Criper na Dodd, baada ya kuandika yote hayo, hawakusema lugha ibadilishwe. Walishauri Kiingereza kiimarishwe. Nimeisoma hoja yao mara nyingi na bado naiona inapingana na ushahidi wake yenyewe.

Lakini kuna tunda moja zuri lililotokana nayo na watu wamelisahau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi uliofuata ulimwaga sekondarini vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, kwa ngazi. Mwalimu wangu wa sekondari alikuwa na sanduku la bati lenye vitabu hivyo, vimeshikwa kwa gundi na uzi, akitugawia Ijumaa mchana. Nadhani Kiingereza changu kimetoka kwenye sanduku lile zaidi ya ubaoni.

Na hapa ndipo utafiti ninaoupenda kuliko yote unapoingia. Fiji.

Fiji ni visiwa huko Pasifiki, na mambo ya shule zao miaka ile yalikuwa kama yetu kwa namna ya ajabu: watoto wa vijijini walianza na lugha zao za nyumbani miaka mitatu, darasa la nne Kiingereza kinachukua usukani. Vitabu hakuna. Kiingereza kilifundishwa kwa kurudiarudia mifumo ya sentensi, mwalimu anasema, darasa linaitika. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai wakachagua shule nane za vijijini, wakapeleka kila darasa la nne na la tano vitabu 250 vya hadithi vyenye picha, vya kuvutia, wakawaambia walimu wafanye moja kati ya mambo mawili. Kundi moja lisome kimya tu, kila siku, kila mtoto na kitabu chake. Kundi la pili lisome pamoja: mwalimu anashika kitabu kikubwa, anasoma, wanazungumzia picha, wanatabiri, wanarudia, wanaigiza, wanachora. Mbinu hiyo ilitengenezwa na Don Holdaway wa New Zealand. Shule nyingine zikaachwa ziendelee na mifumo ya sentensi.

Baada ya miezi minane, watoto wa vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kuelewa kwa kasi mara mbili ya kawaida. Mwaka wa pili faida ikaongezeka, na ikaenea mpaka kwenye vitu ambavyo hakuna aliyewafundisha mahususi: sarufi, na kuandika. Na kuandika! Watoto waliokuwa wakisoma hadithi waliandika vizuri kuliko wenzao waliokuwa wakifanya mazoezi ya sentensi kila siku ya Mungu.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba yale makundi mawili ya vitabu hayakupishana sana. Walimu wale hawakuwa mabingwa. Hawakuletewa mtaalamu wa kukaa nao. Waliletewa vitabu na wakaambiwa visomwe.

Sasa mtaniuliza, madam, hivyo vitabu 250 kwa darasa utavitoa wapi? Swali halali. Mji huu ndiyo ulikuwa na shule ya kwanza ya serikali ya Wajerumani, mwaka 1892, na kwenye mitambo ya shule ileile likachapwa gazeti la Kiongozi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji wa Shaaban Robert, jamani. Na shule yangu haina chumba cha maktaba; kilichopo ni kabati, na funguo zake anazo mtu mmoja ambaye Alhamisi huwa hayupo. Maktaba ya mkoa tunayo, lile jengo lililopewa jina la Mfalme George wa Sita, na nawasihi wazazi wa mjini wawapeleke watoto. Kwa wa Pongwe nauli inakuwa kikwazo.

Kwa hiyo nimefanya vitu viwili. Cha kwanza, hadithi za African Storybook. Ni mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Johannesburg, tovuti yao ikafunguliwa mwaka 2014, na hadithi zake mtu anaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa bure. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zenye maneno machache kila ukurasa. Kubwa kuliko yote, nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hadithi ileile, picha zilezile. Kijana wa steshenari karibu na soko la Ngamiani ananitolea kwa bei ya kuhurumiana, tunakunja, tunabana na pini, vinakuwa vijitabu. Wanasoma cha Kiswahili nyumbani jioni. Kesho yake cha Kiingereza darasani. Wanafika wakijua mbuzi atapotea na bibi atamkuta wapi. Kilichobaki ni kuona Kiingereza kinavyolisema jambo ambalo tayari wanalo kichwani.

Cha pili ni hadithi zao wenyewe. Natundika karatasi ya manila, nauliza nani ana kisa. Wanasimulia kwa Kiingereza chao, wanachanganya na Kiswahili wakikwama, mimi naandika kwa kalamu nene, kwa Kiingereza sahihi lakini chepesi, nikibakiza maneno yao kadiri inavyowezekana. Kisha tunasoma wote, halafu mmoja mmoja. Sylvia Ashton-Warner alifanya kitu cha jamaa hiyo na watoto wa Kimaori huko New Zealand miongo mingi iliyopita, akisema maneno ya kwanza ya mtoto kusoma yatoke moyoni mwa mtoto. Ya kwangu yanatoka Deep Sea, kwenye soko la samaki: boti iliyozimika injini, pweza aliyemkamata mtu mguu, mnada uliogeuka ugomvi. Kuna moja ya mapango ya Amboni ambayo siamini hata neno lake, ila darasa la jirani wanaiomba kila wiki. Manila zile zimebanwa ukutani na sasa ndizo maktaba.

Dakika ishirini mwanzoni mwa kipindi, kila siku tunapokutana. Midomo inacheza mwanzoni, wananong'ona kwa sababu mazoea ya chuoni hayasahauliki, naacha. Baadaye inatulia yenyewe.

Haya, insha.

Baada ya muda wa hadithi, niliwapa karatasi nikawaambia waandike chochote. Nilichokisoma usiku ule hakikuwa kizuri kwa maana ya mtihani. Akina mama walikuwa "he", akina baba walikuwa "she", kwa sababu Kiswahili hakitofautishi na mtoto haoni kwa nini Kiingereza kijisumbue. Lakini kulikuwa na sentensi. Nzima. Zenye mwanzo na mwisho. Na kulikuwa na neno "suddenly" kila mahali, maana kwenye vijitabu mambo hutokea ghafla. Ghafla mama akapika wali. Ghafla tukalala. Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza kulikoni. Hilo neno sijalifundisha popote.

Mbona sikulipigia kalamu nyekundu? Mzazi mmoja aliniuliza hilohilo. Ni mchuuzi wa samaki, mtu wa maneno machache, alikuja shuleni na daftari la binti yake.

"Mwalimu, mbona halina wekundu? Huyu hafundishwi?"

"Anafundishwa, baba. Hayo mawili niliyozungushia ndiyo ya wiki hii."

"Na mengine?"

"Yatafika."

Hakuridhika, na sikumlaumu. Sote tumekua tukiamini kwamba wekundu mwingi ndiyo kazi ya mwalimu, na maafisa wa uthibiti ubora wakija nao wanafungua daftari kutafuta tiki. Lakini mwaka 1996 John Truscott aliwasha moto kwenye taaluma hii: alipitia tafiti za kusahihisha sarufi kwenye maandishi ya wanafunzi wa lugha ya pili, akasema kazi hiyo haisaidii, tena inadhuru, iachwe kabisa. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba amekwenda mbali mno, inategemea unasahihisha nini na vipi. Wameparurana miaka. Kati yao mimi niko na Ferris, ila Truscott amenisaidia kulala mapema. Kabla yao Vivian Zamel, mwaka 1985, alichunguza maoni ya walimu pembeni mwa insha akakuta mengi hayaeleweki, yanapingana, na yanaichukulia rasimu ya kwanza kana kwamba ndiyo ya mwisho. Tujiulize ni mara ngapi tumeandika "boresha" bila kusema nini.

Anayenifaa darasani ni John Bitchener. Mwaka 2008 alichapisha utafiti ambamo wanafunzi walisahihishwa matumizi mawili tu ya "a" na "the", basi, mengine yote yakaachwa. Waliosahihishwa hivyo walipanda, na baada ya miezi bado walikuwa juu. "A" na "the" ndilo pengo letu sisi Waswahili, kwa kuwa hatuna mfano wake. Kwa hiyo nachagua jambo moja au mawili, nalitangaza ubaoni, nalisaka hilo tu kwenye madaftari zaidi ya sabini, na kila mtoto anaandika upya. Naamini kuandika upya ndiko kunakofundisha; wekundu unatangaza tu.

Kwenye barua nimegoma kabisa kusahihisha kitu kimoja. Watoto wetu wakiandika barua ya kirafiki kwa Kiingereza wanaanza na salamu za mstari mzima, wanatumaini u mzima wa afya, wao ni wazima na wanaendelea vema na masomo, kisha "the aim of this letter". Hiyo ni barua ya Kiswahili, ile ya lengo na madhumuni, imevaa suti. Robert Kaplan alidai mwaka 1966 kwamba kila utamaduni una mwendo wake wa kupanga mawazo, akauchora kwa mistari: wa Kiingereza umenyooka, wa wengine unazunguka au unapinda. Wengi wamemkosoa tangu hapo, nami ni mmoja wao, kwa sababu mchoro wake unafanya unyofu uwe wa mtu mmoja na sisi wengine tuwe wa kona. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba msomaji wa mtihani hana subira, mpe jambo lake mapema. Ukimwandikia shangazi yako Lushoto, salimia mpaka utosheke.

Limebaki la Kiswahili darasani, na hapa najua nitapata maneno. Shule nyingi zimetundika mbao za kukataza. Niliwahi kufundisha mahali ambapo mtoto asiyeweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza alikaa. Jim Cummins wa Kanada alitofautisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya mazungumzo mtoto mhamiaji anaipata kama miaka miwili. Ya masomo inamchukua mitano mpaka saba kuwafikia wenzake, na huyo anaishi Toronto, Kiingereza kinamzunguka barabarani, dukani na kwenye televisheni. Sisi tunatoa wiki chache, Tanga, ambako hata mwuza madafu atakushangaa ukimwagiza kwa Kiingereza. Cummins huyohuyo alisema kinachojengwa katika lugha ya kwanza hakipotei, kinahamia ya pili. Mtoto aliyejua kutabiri hadithi kwa Kiswahili hajifunzi kutabiri upya. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Norwe wameandika kwa miaka na miaka kwamba kufundisha Kiingereza vizuri na kufundishia kwa Kiingereza ni mambo mawili tofauti, na tumeyafunga kamba moja.

Sera si kazi yangu. Mimi nina vipindi vyangu, manila zangu, na ruhusa ya mkuu wa shule mpaka matokeo ya Kidato cha Pili yatoke. Mwenzangu wa Bayolojia ameanza kuandika ubaoni maneno ya gundi pamoja na ya kisayansi, Kiswahili pembeni, kabla hajafungua sura. Hakuniambia, nimeona nilipoingia baada yake ubao haujafutwa.

Ninachohitaji sasa ni vitabu. Kama una mtoto aliyepita shule za mchepuo wa Kiingereza na hadithi zake za darasa la kwanza mpaka la nne zinakula vumbi juu ya kabati, hizo ndizo. Ziwe nyembamba, ziwe na picha, hata zikiwa zimechanika jalada tutabana. Kwa walio Tanga, ulizia mwalimu mwenzako au mzazi mwenzako yeyote, shule za kata zote zina shida hiihii, peleka iliyo karibu nawe. Msilete ensaiklopidia, na tafadhali sana msilete vitabu vya uhasibu; hivyo ndivyo vilivyojaa kwenye lile kabati.